Swali Alilorithi Deodatha

Jani la kwanza kugeuka njano lilikuwa nyuma ya jiko, kwenye shina la mgomba ambalo Deodatha alilipanda mwenyewe mwaka alioolewa. Alikuwa ametoka kumwaga maji ya vyombo, ukungu bado umelala bondeni, akainua macho akaliona limelegea na kuvunjika katikati kama limemwagiwa maji ya moto. Akaweka beseni chini, akachukua kisu, akakata ndizi moja changa kwenye mkungu. Ndani akakuta ile rangi ya kahawia ambayo kitongoji kizima kilikuwa kikiisimulia tangu masika yaanze. Mnyauko, ule ugonjwa wa migomba, ulikuwa umefika kwake.

Mtu wa Karagwe akiona hivyo kwenye kibanja chake, shamba linalozunguka nyumba yake, hahitaji kuelezwa. Migomba ndiyo chakula, ndiyo kivuli cha kahawa, ndiyo kitu cha kumpa mgeni akienda. Deodatha alihuzunika, ndiyo. Lakini kabla huzuni haijafika lilipita wazo jingine, nalo lilipita kwa kasi hata hakuwahi kulizuia. Mukamusoni alikuja hapa. Alikuja baada ya Pasaka, akasimama papo hapo, akaushika mgomba huo kwa mkono wake na kuusifu.

Wazo hilo ndilo lililomtisha, kuliko jani lenyewe. Kitongoji kizima kilikuwa kinasema hivyo hivyo: Mukamusoni akipita, migomba inakufa. Na Deodatha, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwazuia wenzake wasiwaze namna hiyo, alikuwa amewaza namna hiyo hiyo, mwenyewe, asubuhi, bila kusukumwa na mtu.

Inafaa ieleweke alikuwa mtu wa namna gani. Hakuwa na cheo chochote. Alikuwa mjane wa Kilutheri mwenye kibanja kisichokuwa kikubwa wala kidogo, upande huu wa Kanoni, mwenye mtoto mmoja wa kiume, Jovitus, aliyejenga hatua chache kutoka kwa mama yake. Kilichomtambulisha ni mdomo wake. Wanawake wa kikundi cha kanisani walimpa jina la Mama Mbona, na halikuwa jina la kumsifu. Mtu mmoja aliwahi kusema kwamba tangu kwaya ishone sare mpya mvua imekatika, kwa hiyo Mungu amechukizwa na rangi ile. Wenzake wakaguna kwa kukubali. Deodatha akauliza mbona Kiruruma nako ni kukavu na kwaya ya huko haijashona kitu. Wakacheka, sare zikabaki, na aliyetoa hoja akakaa muda mrefu bila kumsalimia.

Watu waliona ni ubishi tu. Hawakujua, au walikuwa wamesahau, alikotoa tabia hiyo.

Mumewe, marehemu Byarugaba, alikufa kijana. Alikula chakula cha jioni vizuri, alfajiri akaanza kutapika, na hawakuwahi kumfikisha hospitali. Matanga hayajaanuliwa, ndugu zake walikaa kikao wakasema jambo ambalo kwao lilikuwa wazi kabisa: amekula kwa mkono wa mkewe, kisha amekufa, basi mkewe ndiye. Walikuwa tayari wametoa godoro lake nje. Deodatha alikuwa amekaa chini ukutani, mtoto mgongoni, akiwasikia wakigawana maneno kuhusu wapi apelekwe na nani ampeleke, na utulivu wa sauti zao ndio uliomtisha zaidi.

Aliyemwokoa alikuwa mama mkwe wake, Avelina, na Avelina hakuwa akimpenda hata kidogo. Hakusema kwamba mkwewe ni mwema. Hakulia wala hakuapa. Aliwauliza wanawe kitu kimoja tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Na siku nyingine zote alizokula kwa mkono huo huo, mbona hakufa?"

Wakatazamana. Wakatafuta jibu, na kila walilolipata lilikuwa halifai. Godoro likarudishwa ndani. Avelina aliendelea kumchukia mkwewe mpaka siku anakufa, lakini swali lile alimwachia, na Deodatha akalitunza kuliko alivyotunza mali yoyote. Alichobaki nacho pamoja na swali ni woga. Mpaka leo wanaume wakiingia uani kwake kwa pamoja, hata wakiwa wameleta mahindi, yeye hutazama kwanza mlango ulipo.

Kwa hiyo asubuhi ile ya jani la njano alikaa kwenye kigoda cha jikoni akajihoji. Mukamusoni alikuja, kisha mgomba ukaugua. Sawa. Na ni nani mwingine aliyekuja tangu Pasaka? Walikuja wengi. Walikuja wa kanisa, alikuja mnunuzi wa kahawa, walikuja wanawake kuazima chungu. Hakuna hata mmoja aliyemjia akilini, na sababu aliijua, akaona aibu. Mukamusoni ndiye ambaye kichwa kilikuwa kimeshaambiwa kimtafute.

Mukamusoni alikuwa mjane pia, wa umri wake. Aliletwa na mumewe kutoka Kyerwa, kule mpakani karibu na Murongo, na ingawa alikuwa amezeeka hapa hapa, bado aliitwa mtu wa kuja. Hakuzaa. Alikaa peke yake bondeni, kwenye kibanja kilichonyooka na kusafishwa vizuri. Hakualikwa harusini, lakini misiba haina mwaliko, na misibani alikuwa mtu muhimu kwa sababu hakuna aliyemshinda kuchagua majani ya migomba ya kufunikia chakula. Wafiwa humpa panga lao, naye huzunguka kibanjani akikata majani laini yasiyopasuka. Ndiyo kusema alikuwa ameingia karibu kila kibanja cha kitongoji. Kwake hakuna aliyeingia, isipokuwa Deodatha, mara mojamoja, mikono mitupu, kwenda kuzungumza tu.

Maneno yalikuwa yameanza kidogo kidogo. Kwanza yalikuwa utani, baadaye yakawa habari, na mwishowe yakawa kitu ambacho mtu akikikanusha anatazamwa yeye. Deodatha alipouliza fulani kasikia wapi, alitajiwa fulani mwingine, na huyo akamtaja mwingine, na wote walimfikisha kwa mtu mmoja, jirani yao Rwezaura. Watu wote wanasema, ndivyo walivyokuwa wakimjibu, na watu wote hawawezi kukosea. Kumbe watu wote walikuwa mtu mmoja aliyesikika mara nyingi.

Rwezaura hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo penye hatari. Alikuwa na kibanja kikubwa kuliko wote, na ndicho kilichoanza kufa. Alimzika mama yake mwanzoni mwa masika, msiba mkubwa, kitongoji kizima kikahamia kwake, na kabla machozi hayajakauka migomba ikaanza kunyauka, nyumba nzima ya mama ikizungukwa na majani ya njano. Mtu aliyepoteza viwili kwa mfululizo anataka kumjua aliyefanya. Mukamusoni alikata majani pale kwa siku kadhaa. Kwa Rwezaura hesabu ilikuwa imekwisha.

Kisha asubuhi moja mirumura iliyopandwa mpakani mwa kibanja cha Mukamusoni ilikutwa imeng'olewa yote na kulazwa njiani. Huo ndio mti unaotuambia huku kwetu kwamba hapa pana mwenyewe na mpaka wake unaheshimiwa. Kuung'oa ni kusema hapa hapana mtu tena. Hakuna aliyekiri, na hakuna aliyeuliza. Mwenyekiti wa kitongoji, Elpidius, mtu mpole anayependa kila jambo limalizike bila yeye kulimaliza, alitangaza mkutano.

Jovitus alimfuata mama yake jikoni jioni ile. Alimwomba asiende, na kama lazima aende, basi asifungue mdomo. Alisema ana mke na mtoto mchanga, na kwamba watu wakishaamua hawatafuti haki, wanatafuta nani wa kuongeza. "Mama, nakuomba," alisema. "Wakikumbuka habari za baba, tutakwenda wapi?"

Deodatha alisukuma kuni ndani ya moto. Alikuwa akiwaza hivyo hivyo.

Siku ya kabla ya mkutano aliteremka bondeni. Alijiambia anakwenda kumfariji mwenzake, lakini njiani alitambua kwamba anakwenda pia kumkagua, akajichukia. Mukamusoni alikuwa amekaa mlangoni, mirumura yake iliyong'olewa ameifunga mafungu na kuiweka kwenye ndoo ya maji, kama mtu anayetumaini kuirudisha ardhini. Migomba yake ilikuwa ya kijani mpaka unaona haya kuitazama. Walisalimiana, wakaulizana habari za kuamka, habari za kazi, habari za nyumbani, kila moja ikajibiwa nzuri ingawa hakuna iliyokuwa nzuri. Kisha Mukamusoni akaingia ndani, akatoka na kahawa za kutafuna kwenye kiganja, kama mwenyeji yeyote anavyofanya, akamnyooshea mgeni wake.

Deodatha alizipokea. Akazishika. Zilikuwa kahawa tu, zilizochemshwa na majani yenye harufu na kukaushwa, kama alizokwisha kutafuna mlangoni hapo mara nyingi asizoweza kuzihesabu. Lakini mkono haukupanda mdomoni. Alizungumza juu ya mvua. Alizungumza juu ya Jovitus. Kahawa zikabaki ndani ya ngumi, zikaanza kulowa jasho, na aliponyanyua macho alikuta Mukamusoni anautazama mkono wake.

"Hata wewe, dada," Mukamusoni alisema.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angekasirika. Deodatha alisikia uso wake ukiwaka moto, na katika aibu ile swali la Avelina likamjia lenyewe. Na siku nyingine zote? Akazitia kahawa mdomoni zote kwa pamoja. Alitafuna na hofu yake, akameza na hofu yake, na alipopanda kilima kurudi nyumbani alikuwa bado anasikiliza tumbo lake kama mjinga. Hakuna kilichotokea. Alipofika kwake alikuwa ameamua kusema.

Mkutano ulifanyika nje ya ghala la kahawa, saa za alasiri. Wanaume wengi walikuwa wametoka mashambani moja kwa moja, mapanga yao wameyaegemeza magotini au kuyachomeka ardhini. Wanawake walikaa upande wao kwenye nyasi. Mukamusoni alikaa peke yake, na kati yake na wa karibu yake palibaki nafasi ambayo hakuna aliyeipanga. Hata alipoulizwa na Elpidius kama ana la kusema alitikisa kichwa tu, na mtu mmoja nyuma akasema asiyejibu amekiri. Deodatha aliyasikia hayo akawaza kwamba angejibu, mtu yule yule angesema mwenye hatia ndiye anayejitetea.

Rwezaura alisema vizuri. Alisema bila kelele, akitaja vibanja kimoja kimoja, na kila alipotaja kimoja mwenyewe aliinamisha kichwa. Kila alikopita mwanamke huyu migomba imekufa, alisema, na kwake tu ndiko kuzima. Aliuliza mnataka ushahidi gani mwingine. Sauti zikaitikia. Mtu akasema afukuzwe kabla jua halijatua. Mwingine akasema kufukuza hakutoshi, na hapo wanaume wawili watatu wakayachomoa mapanga yao ardhini bila sababu, wakayashika tu.

Deodatha alisimama. Alimwona Jovitus upande wa pili akifumba macho.

"Baba Rwezaura," alisema, "na kama kwa Mukamusoni nako migomba ingekuwa imekufa, ungesema nini?"

Rwezaura hakusita. "Ningesema uchawi umemrudia mwenyewe."

"Basi ikipona ni mchawi, ikifa ni mchawi. Huyu mama migomba yake ifanyeje ili asiwe mchawi?"

Mwanamke mmoja alicheka kidogo, ule mcheko wa kutoka bila ruhusa, akajifunika mdomo kwa khanga. Deodatha alikuwa bado hajapumua vizuri lilipotoka nyuma neno alilolingoja miaka yote. Sauti ilisema anamtetea mchawi mwenzake, na ikauliza mume wake mwenyewe alikufaje.

Vichwa vikageuka vyote. Akajiona amekaa chini ukutani tena, mtoto mgongoni. Angeweza kuanza kujitetea, na alijua kwamba akianza tu, habari ya migomba imekwisha na habari yake imeanza, na hata akishinda, Mukamusoni atakuwa ameshindwa.

"Tuseme nilimuua," alisema, na mkutano mzima ukavuta pumzi. "Tuseme hivyo, mkipenda. Je, hilo linatuonyesha nani anaua migomba?"

Hakungoja jibu. Akawaomba waliohudhuria msiba wa mama yake Rwezaura wanyooshe mikono, na mikono ikanyooka yote. Akawauliza wanawake waliomenya ndizi pale nani alikwenda bila kisu chake, na hakuna, kwa sababu huku kwetu mwanamke haendi kumenya msibani bila kukifunga kisu chake kwenye khanga. Mikungu ya vibanja vyote ilimenywa pale kwa visu vya nyumba zote, maganda yakatupwa chini ya migomba ya Rwezaura, na kila kisu kikarudi kwao na utomvu wake kikaendelea kukata. Bwana shamba alipopita kitongojini alisema mnyauko huhama na utomvu, kwa hiyo kisu kipitishwe motoni, wakamwitikia ndiyo ndiyo. Nani alipitisha? Hata yeye Deodatha hakupitisha. Mukamusoni pekee hakuwa na kisu pale. Alikata majani kwa panga la wenyeji na akaliacha kwao. Na kwake hakuna anayemtembelea kukata hata jani moja.

"Kwake kumepona kwa sababu tumemtenga," alisema.

Rwezaura alisimama, akauliza kama anasema mama yake ndiye aliyeuleta mnyauko kitongojini. Deodatha alimwambia hasemi hivyo, marehemu apumzike. Anasema tu kwamba pale walikuwa wote, kisha wamemchagua mmoja.

Elpidius aliona upenyo akaukimbilia. Alisema maneno yametosha, waende wakaone kwa macho kibanja cha Mukamusoni, kama kuna kitu kimefichwa, dawa au nini, kitaonekana. Watu wakapenda, maana kwenda kuona ni kazi na kukaa kunachosha. Wakateremka bondeni wote, wanaume mbele. Walipekua nyumba, wakapekua jiko. Hawakupata kitu. Mtu akasema pengine migomba yenyewe ni migonjwa kwa ndani na anaificha, basi wakakata shina moja kutazama kama lina utomvu wa njano. Likawa jeupe. Wakakata jingine upande wa juu, na jingine karibu na njia, na mikungu kadhaa. Yote meupe, safi. Mmoja baada ya mwingine wakaanza kuona haya, wakatafuta la kusema, na walipoondoka wengine walimuaga Mukamusoni kwa heshima, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya kwa muda mrefu.

Deodatha alirudi nyumbani akiwa na furaha. Alilala usingizi mzito. Alikuwa amewafanya watu wazima waache kumwua mtu, kwa maswali matupu.

Alikuja kukumbuka baadaye, akiwa amechuchumaa kwenye shamba la maharage, mvua ya manyunyu inamlowesha mgongo. Jembe likabaki mkononi. Mapanga. Yalitoka kwenye vibanja vyao vilivyooza, na yalikuwa yameingia kwenye shina lililo hai moja baada ya jingine, yeye akiwa amesimama pale pale anatazama, ametoka kuwahubiria habari za visu na moto. Alikuwa anaangalia nyuso. Alifurahi mno kuona zinabadilika hata hakuona mikono inafanya nini.

Hakumwambia mtu. Alianza kuteremka bondeni kila alipopata nafasi, akikagua majani kabla ya kumsalimia mwenyewe, na kila alipokuta kijani alimshukuru Mungu na hakumwamini. Wiki zikapita. Kisha jani la shina lililokatwa karibu na njia likalegea na kuvunjika katikati.

Habari hazikungoja. Rwezaura hakuhitaji hata kubuni, na haikuwa lazima awe mwongo. Aliyasema aliyoyaona: kibanja kile kilikuwa kizima miaka yote, Deodatha akaingia kwake, akakaa mlangoni, wakalishana kahawa, akasimama mkutanoni akawazuga watu kwa maneno, na sasa hata kwa rafiki yake kumekufa. Mumewe alikula kwa mkono wake akafa, na huyu aliyekula naye sasa migomba yake inakufa. Kwa Rwezaura, hesabu ilikuwa imekwisha mara ya pili.

Kilichomtesa Deodatha ni kwamba hakuweza kujisafisha moyo mzima. Hoja yao ilikuwa mbovu, lakini ilikuwa imeanguka karibu mno na ukweli. Ni yeye aliyewafikisha kule. Alijaribu kuyatenga mambo hayo mawili, kosa alilofanya na kosa analosingiziwa, kama mtu anayechambua mchele na mawe, na katika hofu vidole vyake vilikuwa vinachanganya.

Jovitus alikuja mchana na bodaboda, akamwambia afunge vitu wahamie Kayanga kwa rafiki yake mpaka mambo yatulie. Alisema wanaume wamekutana ghalani na Elpidius hajawazuia. Deodatha alifunga khanga mbili na Biblia. Kisha akakaa kwenye kigoda cha jikoni akashindwa kunyanyuka. Akikimbia, watasema amekimbia kwa sababu ni kweli. Akibaki, watasema anathubutu kubaki kwa sababu ana nguvu za giza. Alimwambia mwanawe ampeleke mkewe na mtoto kwanza, kisha arudi amchukue. Jovitus alikataa, kisha akaenda, akilia.

Sauti zilisikika zikishuka njia ya kanisani. Zilikuwa tulivu. Deodatha aliijua sauti ya namna ile.

Lakini aliyetokea kwanza alikuja kwa njia ya nyuma, akipenya katikati ya migomba iliyokufa. Alikuwa Mukamusoni. Mkononi alikuwa na panga lake mwenyewe, ambalo halikuwa limewahi kutoka kibanjani kwake, nalo lilikuwa jeusi kwa moto kuanzia ncha mpaka kwenye mpini. Alililaza kizingitini. Hakusalimia. Alifungua ncha ya khanga, akatoa kahawa, akamwekea Deodatha kiganjani, na Deodatha akazitia mdomoni pale pale.

"Umekuja kwangu miaka yote," Mukamusoni alisema, akikaa mlangoni. "Nimehesabu pia walioingia siku ile moja, na mapanga yao."

Wanaume waliingia uani kwa pamoja, Rwezaura mbele, Elpidius nyuma kabisa akitazama viatu vyake. Deodatha alishindwa kusimama. Alimwona Mukamusoni akinyanyuka badala yake, mwanamke ambaye hakuwa amewahi kusema neno kwenye mkutano wowote, akawasubiri mpaka walipofika karibu.

"Na siku nyingine zote alizokuja kwangu," aliwauliza, "mbona migomba yangu haikufa?"

Kisha akashusha macho kwenye mapanga yao, akayatazama moja baada ya jingine, na baadhi yao wakayatazama pia. Wengine hawakuyatazama. Deodatha alikuwa amelisikia swali hilo likiulizwa kwa ajili yake mara moja tu maishani, na alikumbuka kwamba hata siku ile palipita kimya kirefu kabla godoro halijarudishwa ndani. Akaendelea kutafuna, akingoja watajibu nini.